Mfumo Wangu, Jina la Atupele

Saa tatu na dakika tano asubuhi, Jumanne, mfumo wangu ulikuwa umeshawashwa ukutani, na mimi nilikuwa bado sijafungua begi.

Niliutambua kabla sijakaa. Juu kushoto neno ZAMU kwa herufi za kijani. Chini yake orodha ya malori, saa ya kila lori kuingia yadi, na namba ya simu ya dereva wa kupelekewa ujumbe.

"Karibu, binti. Kaa," alisema Mama Laurensia, mkuu wa utumishi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Huyu wa pili alikuwa Injinia Hussen, mkuu wa mifumo. Alielekeza kalamu ukutani. "Kitu hiki unakifahamu?"

"Ndiyo. Nimekitengeneza mimi."

Walitazamana.

"Rudia," alisema Hussen.

"Nimekitengeneza mimi."

"Basi tuna shida," alisema Mama Laurensia. "Mwenzako aliyetoka hapa saa mbili na nusu ametuambia maneno hayo hayo."

Kwa aliyeanza kusoma leo, mambo yako hivi. Mimi ni Hajira Mbaraka, kwetu Mzenga, Kisarawe. Nimemaliza miaka minne ya sayansi ya kompyuta na nasubiri mahafali ya Desemba. Nimekwisha kusimulia jinsi kazi ya kwanza niliyoahidiwa ilivyofutwa siku moja kabla ya kuripoti, na jinsi ya pili ilivyokwenda kwa mpwa wa bosi. Ya tatu ni hii ya Kwala, kwenye kampuni inayopanga makontena. Zilitangazwa nafasi mbili, ikabaki moja. Kila mwombaji alitakiwa aje na mfumo alioutengeneza mwenyewe.

Nafasi hiyo moja tuliiomba watu wawili tunaolala chumba kimoja Kibaha: mimi na rafiki yangu Atupele Fabian.

Atupele aliniambia usaili wake ni Alhamisi, na kwamba ataonyesha mfumo wake wa ratiba ya kwaya. Jumanne hiyo aliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alisema anampeleka mama yake hospitali. Blauzi nyeupe aliyovaa niliipiga pasi mimi.

"Nina nakala kamili kwenye flashi," nilimwambia Hussen. "Ina kumbukumbu ya mabadiliko yote tangu siku ya kwanza. Tafadhali ifungue."

Nilisema hivyo bila wasiwasi. Tunapoandika programu tunatumia Git, ambayo huhifadhi kila badiliko pamoja na tarehe, saa na jina la mwandishi. Mtu anaweza kusema lolote kwenye usaili. Kumbukumbu haina uso wa kupendeza wala sauti nzuri. Niliiamini.

Hussen aliichomeka flashi. Orodha ikashuka ukutani, mistari mia mbili na kumi na minne.

Kila mstari ulikuwa na jina la Atupele Fabian.

"Binti," alisema Hussen taratibu, "hii flashi ni yako?"

"Ni yangu."

"Na jina lako liko wapi hapa?"

Halikuwepo.

Nitaeleza kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyeghushi chochote. Git haimuulizi mtu kila siku yeye ni nani. Inauliza mara moja, kompyuta inapoandaliwa. Laptop tuliyoitumia miaka minne ilikuwa ya Atupele, zawadi ya baba yake. Mwaka wa kwanza aliiandaa, akaandika jina lake. Tangu siku hiyo, kila aliyegusa kibodi ile aliandikwa Atupele Fabian.

Je, sikuliona? Nililiona kila siku. Lingenichukua nusu dakika kulibadilisha, na sikulibadilisha.

Kwetu, kukiwa na shughuli, masufuria makubwa huazimwa nyumba kwa nyumba. Kila sufuria lina herufi za mwenyewe kwa rangi, chini kwenye kitako, ili likimaliza kupika lirudi lilikotoka. Mama yangu amepikia masufuria ya watu miaka thelathini. Hajawahi kukwangua herufi za mtu, na hakuna aliyewahi kula pilau akasema kapika mwenye sufuria. Mimi niliitumia laptop ya Atupele kwa adabu hiyo hiyo. Niliifuta vumbi, niliirudisha ikiwa na chaji, sikuacha alama yangu yoyote. Jina lile kwangu lilikuwa herufi za kwenye kitako.

Hussen hakuwa mtu wa shughuli za Mzenga. Aliniuliza maswali kumi na moja kuhusu mfumo. Niliyajibu yote.

"Vizuri sana," alisema. "Na mwenzako kayajibu yote kumi na moja."

Hilo nalo lilikuwa na maelezo. Kila jioni nilipomaliza sehemu fulani nilimketisha Atupele nikamweleza, mpaka aweze kunieleza yeye. Nilidhani najipima.

"Kuna tarehe," nilisema. "Angalieni tarehe. Mabadiliko mia moja na sitini na matatu yamefanywa kati ya tarehe tatu na ishirini na nne Agosti. Siku hizo nilikuwa Mzenga kwa mama yangu, na laptop nilikuwa nayo mimi. Atupele alikuwa kwao Tukuyu, kwenye msiba wa babu yake."

Mama Laurensia aligeuza karatasi iliyokuwa mbele yake. "Yeye anasema Agosti alikuwa Mzenga, amekaribishwa kwenu, anafanya kazi yake. Anasema wewe ulikuwa unamsaidia kuandika majina ya madereva."

"Si kweli."

"Nani anathibitisha?"

"Mama yangu alikuwepo siku zote."

"Basi mlete kwa maandishi. Barua yake, sahihi yake, na muhuri wa ofisi ya kijiji. Ijumaa saa nne asubuhi iwe mezani kwangu." Alivua miwani. "Nikuambie na lililobaki, usije ukasema hukuambiwa. Mmoja wenu ameleta hapa kazi ya mwenzake. Tukishajua ni nani, tunaandika chuoni kwenu. Chuo kikitaka kuzuia cheti, hilo ni lao."

Nilitoka saa nne na dakika kumi.

Mbele ya geti kuna mama anayeuza chai na maandazi. Kwenye benchi lake alikuwa amekaa Atupele, na blauzi yake nyeupe. Saa moja na dakika arobaini tangu atoke kwenye usaili. Alikuwa ananisubiri.

"Wamekuuliza lile swali la lori lililochelewa zamu yake?" aliniuliza, kana kwamba tumetoka kwenye mtihani.

"Mama anaendeleaje?"

"Mzima."

"Hakuumwa."

"Hakuumwa. Kaa basi unywe chai, usinisimamie kama trafiki."

Nilikaa. Mama wa chai alichukua ndoo akaenda kuteka maji.

"Nina maswali matatu," nilimwambia.

"Ungekuwa na mawili ningeshtuka. Haya, mwalimu."

"La kwanza. Nani ametengeneza Zamu?"

"Wewe."

Alijibu bila kusita. Hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia. Simu yangu ilikuwa imezimwa ndani ya begi, kama barua ya usaili ilivyoagiza.

"La pili. Kwa nini umesema ni wako?"

"Kwa sababu nafasi ni moja." Aliweka kikombe chini. "Hajira, tusidanganyane. Wewe ukiulizwa kitu mbele za watu unajibu ndiyo au hapana, halafu kimya. Nani alikuwa anasimama mbele miaka yote minne? Nani alimtoa Rama kwenye kibodi? Wewe ulikuwa tayari umeshachukua daftari la kuandika ripoti."

Hilo la Rama ni kweli, na nimeamua kuandika ya kweli yote, hata yanayomsaidia yeye. Darasa letu lilikuwa na watu sitini na wanne, wanawake tisa. Mwaka wa kwanza kila kikundi kiligawana kazi bila kujadiliana: wavulana waliandika programu, sisi tuliandika ripoti na kuchora jalada. Nilitaka kibodi na sikujua inaombwaje. Siku ya tatu Atupele alisimama nyuma ya kiti cha Rama akasema, "Kaka, nyanyuka. Leo tunaandika sisi. Ripoti mtapiga ninyi, na msikosee majina yetu." Darasa zima lilicheka, Rama akanyanyuka. Tangu hapo tulikuwa wawili. Mimi niliandika, yeye alisema.

Wale tisa tulimaliza watano. Atupele alitaka siku moja awe na kampuni yake, wasichana kumi kwenye kompyuta kumi, na hakuna wa kuwaambia wachore jalada. Mimi nilitaka kitu kidogo zaidi. Nilitaka mfumo unaotumika kweli, kwenye yadi ya kweli, na anayeuliza nani kautengeneza aambiwe jina langu.

"Tulikuwa wawili," nilimwambia. "Ungeniambia tuutoe kwa majina mawili."

"Wangechukua nani? Wangekuchukua wewe. Mtengenezaji wanamhitaji, msemaji wa nini? Mimi ningerudi Kibaha nikapange ratiba ya kwaya."

"La tatu. Wakikuita tena Ijumaa utasema nini?"

"Nitasema nilichosema. Laptop yangu, jina langu, majibu ninayo."

"Majibu nimekupa mimi."

"Na ulinifundisha vizuri, Mungu akubariki." Alimalizia chai yake. "Shoga, ungekuwa wewe usingefanya hivi?"

"Hapana."

"Ndiyo maana hufiki."

Alisimama, akakung'uta makombo ya andazi kwenye sketi.

"Leo napika mimi," alisema. "Usichelewe, wali ukipoa unakuwa hauliki."

Sikurudi kula. Nililala Mlandizi kwa binamu yangu Naila, na Jumatano asubuhi nilipanda bodaboda kwenda Mzenga.

Mama yangu anaitwa Sikudhani. Nilimkuta uwanjani anamenya mihogo. Ilikuwa saa sita na robo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jumatano hii? Kuna mtu kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Haya, shika kisu. Utaniambia huku unamenya."

Nilimweleza kwa mpangilio, tangu saa tatu na dakika tano ya Jumanne mpaka benchi la chai. Kwa kawaida mama hukatiza. Ukimsimulia safari ya kwenda Kisarawe mjini atataka kujua dereva alivaa nini. Siku hiyo hakukatiza. Alimenya mihogo minane.

"Atupele kakiri kwa mdomo wake?" aliuliza mwishoni.

"Kakiri."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu tu."

Alichukua wa tisa.

"Na kazi yenyewe iko Kwala."

"Iko Kwala."

"Ukiikosa?"

"Nikiikosa kwa kushindwa, nitatafuta nyingine. Nikiikosa kwa kuitwa mwizi, chuo kitazuia cheti changu. Nitakuwa nimesoma miaka minne nikabaki na kidato cha sita. Na Zamu itakuwa inaendesha malori pale, na mimi siruhusiwi hata kusema naijua."

Kuku waligombania maganda. Nikaona nimsaidie mama kukumbuka.

"Agosti nilikuwa hapa?"

"Ulikuwa hapa."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa umekaa barazani, kompyuta juu ya ndoo uliyoigeuza. Nakuita kula huitiki. Nikadhani umepigwa uziwi."

"Nilikuwa na nani?"

"Peke yako."

"Atupele alikuja?"

"Agosti hakuja."

"Basi hayo ndiyo tutakayoandika, mama. Hakuna zaidi."

Niliandika barua kwa mkono, mistari tisa. Tarehe, mahali, nilichokuwa nafanya, na kwamba nilikuwa peke yangu. Nilimsomea. Alisema, "Nimesikia." Alinawa mikono, akabadilisha kanga, akachukua pochi yake yenye miwani, tukaenda ofisi ya mtendaji. Njiani alitembea haraka mbele yangu. Nilidhani ni hasira kwa niaba yangu, na nitakiri kwamba ilinifariji.

Mtendaji wa kijiji anaitwa Zaidi. Tulisoma naye shule moja ya msingi, yeye akiwa madarasa manne mbele yangu. Mezani kwake kuna muhuri, kidau cha wino na faili moja nene la kamba.

"Hajira wa kompyuta," alisema. "Simu yangu imegoma kuingia mtandao tangu Ijumaa, karibu sana."

"Nitaitazama. Kwanza nina barua ya kugongwa muhuri. Mama atatia sahihi mbele yako."

Aliisoma. Akainua macho kwa mama, kisha akairudia kutoka juu.

"Bi Sikudhani," alisema, "hii mbona inapigana na ile?"

"Ipi?" niliuliza mimi.

Mama hakuuliza.

Zaidi alifungua faili, akapekua, akatoa nakala iliyopigwa chapa. Aliigeuza ili niisome. Tarehe kumi na moja Oktoba, Jumamosi, siku kumi kabla ya usaili. Jumamosi hiyo Atupele aliniambia anakwenda Soga kumsalimia shangazi yake. Alirudi jioni na mihogo. Tuliila.

Barua ilisema hivi: Mimi, Sikudhani, mkazi wa Mzenga, nathibitisha kwamba Atupele Fabian aliishi nyumbani kwangu kuanzia tarehe tatu hadi ishirini na nne Agosti, akitengeneza mfumo wa kompyuta kwa kompyuta yake. Binti yangu Hajira alikuwa msaidizi wake.

Chini palikuwa na muhuri wa kijiji, na sahihi ya mama yangu. Naijua sahihi hiyo. Imo kwenye kila ripoti yangu ya shule tangu darasa la kwanza.

"Atupele alikuja hapa?" nilimuuliza Zaidi.

"Alikuja na mama yako. Walikaa hapo hapo mlipokaa ninyi. Nakala halisi akaondoka nayo yeye."

Nilifanya hesabu ya haraka. Jumanne Atupele hakuionyesha barua hiyo, na Mama Laurensia hakuitaja. Maana yake alikuwa ameihifadhi. Alijua nitataja tarehe, alijua wataniuliza shahidi, na alijua shahidi wangu ni nani.

Nilimgeukia mama. Mama amemaliza darasa la saba na anasoma Kiswahili vizuri kuliko watu wengi wa ofisini. Hata hivyo nilitaka kumpa mlango wa kutokea.

"Alikudanganya, mama. Alikusomea vingine."

"Hakunisomea."

"Alikuambia ni barua ya kazi yangu mimi."

"Aliniambia ni ya kazi yake." Aliongea akitazama meza. "Nikamwambia niletee miwani yangu. Akaniletea. Nikaisoma mwenyewe, mara mbili."

"Ulijua si kweli."

"Nilijua."

"Kwa nini, mama?"

Aliifunga pochi yake. Zaidi alikohoa, akasogeza kiti.

"Niwaambie utaratibu," alisema. "Siwezi kugonga muhuri barua mbili zinazokataana, mtu mmoja, jambo moja. Lakini njia ipo. Bi Sikudhani, ukitia sahihi hii ya leo, naandika kwamba ya kwanza umeifuta mwenyewe, nagonga, Hajira anaondoka nayo. Usipotia sahihi, ya kwanza inabaki. Chagua wewe. Mimi sikuwa barazani kwenu Agosti."

Nilimsogezea mama kalamu.

Aliishika. Alitoa miwani kwenye pochi, akaivaa, akaivuta barua karibu. Aliisoma mistari yote tisa, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kidole kilipofika chini kilisimama mahali pa sahihi.

Mama aliilaza kalamu juu ya karatasi. Akavua miwani.

"Ya kwanza ibaki," alimwambia Zaidi, akasimama na kutoka nje.

Zaidi aliirudisha nakala ile kwenye faili, akafunga kamba. Ilikuwa Jumatano, saa tisa na dakika arobaini alasiri; sababu ya mama sikuijua bado, na Ijumaa saa nne nilitakiwa Kwala na barua ambayo sina.